Mizizi ya Kiyunani na ya Kilatini katika Kufundisha Maneno ya Kiingereza

Miongoni mwa njia zinazosifiwa za kuwafundisha vijana maneno ya Kiingereza, iko moja iendayo hivi: mwalimu huandika ubaoni mizizi ya Kiyunani na ya Kilatini, kila mmoja na maana yake, kisha huwaagiza wanafunzi waikariri, naye huwaahidi ya kwamba ajuaye mizizi mia ameyajua maneno elfu. Njia hii ina vijitabu vyake na karatasi zake zinazonakiliwa mkono kwa mkono, na waalimu wa huku kwetu Singida wanaipenda. Katika maneno haya machache twataka kuipima: lililo kweli ndani yake tulikiri, na lililo pungufu tuliseme. Hatuandiki kwa kupenda mabishano. Twaandika kwa sababu kijana atokaye shule ya msingi ya serikali, aliyesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili, huingia kidato cha kwanza akayakuta masomo yale yale yamevaa Kiingereza. Na neno moja asilolielewa siku ya kwanza laweza kumnyamazisha mwaka mzima.

Tuanze na lililo kweli. Kiingereza ni lugha iliyojengwa kwa matabaka, kama ukuta ulioinuliwa na mafundi wa zamani mbalimbali. Tabaka la chini ni maneno ya nyumbani na shambani, kama "father", "water", "eat" na "house". Hayo ni ya ukoo wa lugha za Kijerumani, wala hayakutoka Rumi wala Uyunani. Tabaka la pili lililetwa na dini na serikali. Mwaka 597 Augustino, aliyetumwa na Papa Gregori wa Kwanza, alifika Kent kuwahubiri watu wa nchi ile. Na Kanisa lilipokua, Kilatini nacho kilisikika, hata maneno kama "bishop", "priest" na "school" yakawa mali ya Waingereza kabisa. Baada ya mwaka 1066 Wanormandi waliitawala Uingereza, nao walinena Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini. Tabaka la juu ni la wataalamu. Hao, hasa tangu karne ya 16, wameunda maneno ya elimu kwa vipande vya Kiyunani na vya Kilatini kila walipohitaji jina la kitu kipya.

Kwa hiyo faida ya mizizi haiko sawa mahali pote. Mtoto mdogo ajifunzaye kuamkia na kuomba maji kwa Kiingereza, mizizi haimfai kitu. Kijana wa sekondari akutanaye na biolojia, jiografia na kemia, yamfaa sana, kwa kuwa maneno ya masomo hayo yametoka karibu yote katika tabaka lile la juu. Mwalimu asiyetenga makundi haya mawili apanda mbegu njema katika majira yasiyo yake.

Tuchukue mfano ulio mbele ya macho yetu. Mkoa wa Singida wajulikana kote nchini kwa alizeti, ambayo wataalamu wa mimea huiita Helianthus annuus. Kwa Kiyunani "helios" ni jua na "anthos" ni ua. Kwa Kilatini "annus" ni mwaka. Basi jina zima lasema: ua la jua, la mwaka mmoja, maana mmea huu huota, huzaa na kufa katika mwaka mmoja. Tena alizeti ikiwa changa hulifuata jua, asubuhi ikitazama mashariki na jioni magharibi, na tabia hiyo huitwa "heliotropism", kwa kuwa "tropos" ni mgeuko. Kijana wa Ikungi au wa Iramba ameliona jambo hili tangu utoto wake. Akifunuliwa jina kwa namna hii, hakariri tena neno geni, analikumbuka shamba. Vivyo hivyo heroe, yule ndege mrefu aonekanaye katika maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai: jenasi ya heroe mkubwa ni Phoenicopterus, nalo ni jina la Kiyunani lenye maana ya mwenye mabawa mekundu, kwa kuwa "pteron" ni bawa. Hapa mizizi imefanya kazi yake njema, nasi hatuna budi kuisifu.

Walakini mifano hiyo ilifaulu kwa sababu gani? Ilifaulu kwa sababu kitu kilijulikana kabla ya jina, na kwa sababu jina lilikatwa vipande mbele ya mwanafunzi. Orodha ya ubaoni haina sifa hizi mbili. Kijana huimba: "hydro" maji, "geo" nchi, "chrono" wakati, tena akihojiwa ajibu bila kosa. Lakini akikutana na "hydrogen" katika kitabu cha kemia hakumbuki kwamba ndani yake mna maji na mna kuzaa, yaani kitu kizaacho maji, kwa kuwa hakuna aliyemzoeza kulipasua neno. Amepewa shoka bila kuonyeshwa mti. Na tukumbuke ya kuwa mtoto wa Kinyaturu au wa Kinyiramba ana lugha ya mama yake, ana Kiswahili cha shule, na sasa anajifunza Kiingereza. Orodha ile, isipoungwa na lolote alilo nalo, imemwongezea lugha mbili nyingine zilizokufa. Ikawa alikuja kutafuta msaada katika lugha ya tatu, akarudi na mzigo wa tano.

Hii ndiyo kasoro kubwa tunayoiona katika njia hii: huanza ugenini. Nasi twasema ya kwamba yapaswa kuanza nyumbani, maana mtoto wetu ni fundi wa mizizi kabla hajafika shuleni, ila hajaambiwa. Ajua bila kufundishwa ya kwamba Mnyaturu ni mtu, Wanyaturu ni watu, Kinyaturu ni lugha, na Unyaturu ni nchi. Mzizi ni mmoja, na vipande vya mbele ndivyo vinavyobadili maana. Ajua kuandika, mwandishi, mwandiko, andiko, uandishi, kuandikia na kuandikisha. Mwalimu akiisha kumwonyesha hayo, na amwonyeshe ya kwamba Warumi nao walikuwa na "scribere", yaani kuandika, ambalo limezaa "scribe", mwandishi, "scripture", andiko, "manuscript", kilichoandikwa kwa mkono, "describe", kueleza jambo kama kwa kuliandika, na "prescription", maandishi ambayo mganga hutoa kabla dawa haijatolewa. Mwanafunzi ataona si jambo la ajabu la wazungu, bali ni desturi ileile ya lugha yake, imevaa nguo nyingine.

Ni kweli ya kwamba desturi hizi mbili zatofautiana kwa mpango, na mwalimu asipolisema hilo mwanafunzi atapotea. Kiswahili huunga maana nyingi mwishoni mwa kitenzi: vuka, vusha, vukisha. Kilatini huziweka mbele: "portare" ni kuchukua, na kutoka hapo "import" ni kuchukua ndani, "export" kuchukua nje, na "transport" kuchukua mpaka ng'ambo. Tena sisi twasema ua la jua, ua likitangulia. Myunani aliweka jua kwanza na ua baadaye. Basi neno la elimu la Kiyunani mara nyingi lasomwa toka mkiani: mwisho wake lataja kitu chenyewe, mwanzo wake lataja ni kitu cha namna gani. Kanuni hii moja, ikielezwa vema kwa nusu saa, ina faida kupita orodha ya mwezi.

Mfano ulio bora kupita yote twauona katika kitabu cha mwisho cha Agano Jipya. Kwa Kiswahili huitwa Ufunuo. Kila mtu ajua kufunika na kufunua, kama ajuavyo kubandika na kubandua, kufunga na kufungua; ni mzizi mmoja, na kile kipande cha mwisho hugeuza tendo lirudi nyuma. Sasa, kwa Kiyunani kufunika ni "kalyptein". Ukitanguliza "apo" tendo hugeuka likawa kufunua, na jina lake ni "apokalypsis". Mwenye kutafsiri kwa Kiswahili alifanya hasa alivyofanya Myunani, kwa zana za lugha yake mwenyewe. Kilatini kilipita njia nyingine: "velum" ni pazia, na "revelatio" ni kuliondoa pazia, ndilo "Revelation" la Kiingereza. Kisha mwalimu na awatoe wanafunzi nje, awaonyeshe mkaratusi, mti uliopandwa katika viwanja vingi vya misheni na vya shule. Jina lake "eucalyptus" ni "eu", vema, na "kalyptos", liliofunikwa. Kwa kuwa chipukizi la ua lake lina kifuniko kidogo, nacho hudondoka ua linapofunguka. Na lile "eu" ndilo lililomo katika "euangelion", habari njema, ambalo lilipita katika Kiarabu likatufikia likiwa Injili. Hivi Ufunuo, mkaratusi na Injili vimefungwa pamoja kwa uzi mmoja, na mtoto aliyeona uzi huo hausahau.

Wenzetu makasisi na wachungaji wana hazina kubwa hapa, nao wangeweza kuwasaidia waalimu kuliko wanavyodhani. Askofu ni neno la Kiyunani "episkopos" lililopita katika Kiarabu: "epi" ni juu ya, na "skopos" ni mwenye kutazama, basi ni mwangalizi. Mzizi huo wa kutazama umo katika "microscope" na "telescope". Na ajabu ni kwamba darubini, neno la Kiajemi, limeundwa vivyo hivyo: "dur" ni mbali na "bin" ni kuona, kama "tele" ilivyo mbali kwa Kiyunani, nalo neno hadubini limeundwa kwa kufuata umbo lake. Mtume ni aliyetumwa. Ndivyo lilivyo "apostolos", kutoka kitenzi cha kutuma. Warumi walisema "mittere", kutuma, na "missus", aliyetumwa. Kwa hiyo "apostle" na "missionary" ni neno moja katika lugha mbili, na jamaa zao ni "transmit", "dismiss" na "permit". Mchungaji ni tafsiri kamili ya "pastor", ambaye kwa Kilatini ni mlishaji wa kundi, na "pasture" ni malisho. Nao Wakatoliki waliokulia katika Misa ya Kilatini, kabla ya mageuzi yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa mwaka 1962 hadi 1965, walijua ya kwamba "credo" ni nasadiki. Basi "credit" ya benki ni kusadikiwa, na "incredible" ni lisilosadikika.

Tena si maneno ya kanisani peke yake. Biashara ya Bahari ya Hindi ilituletea maneno ya Kiarabu, na baadhi yake Waarabu walikuwa wameyapokea kutoka kwa Wayunani. Karatasi ni "khartes", na ndugu zake wa Kiingereza ni "chart" na "card". Kanuni ni "kanon", fimbo nyofu ya kupimia. Kalamu ni "kalamos", tete. Falsafa ni "philosophia". Almasi, ambayo Mwadui katika mkoa jirani wa Shinyanga imechimbwa tangu 1940, ni "adamas", kitu kisichoshindika, nalo limezaa "diamond". Hata jina la nyumba yetu ya kazi lina hadithi: Bara twasema shule kwa kuwafuata Wajerumani, Unguja husema skuli kwa kuwafuata Waingereza, na yote mawili yatoka katika "skhole", ambayo maana yake ya kwanza kwa Wayunani ilikuwa nafasi ya kupumzika. Wanafunzi watacheka, na kicheko hicho kitalishikiza neno. Lakini na tuwe waangalifu: kanisa, kasisi na shemasi yaliletwa nasi na Kiarabu, na asili yake ni katika lugha za Kisemiti, si Kiyunani. Mwalimu asidhani kila neno la dini lina babu mmoja.

Onyo hilo latuleta kwenye kasoro ya pili: vijitabu vingi hutaja mizizi kana kwamba haidanganyi. Nayo hudanganya kwa namna tatu. Kwanza, mizizi miwili yaweza kufanana sura. Kijana aliyejifunza "helios" atasema "helicopter" ni chombo cha jua; kumbe ni "helix", mzingo, na "pteron", bawa, lile lile la heroe wetu, na pa kulikatia ni baada ya "helico". Aonaye "ped" atasema ni mguu, na katika "pedestrian" hajakosea, kwa kuwa ni Kilatini. Lakini katika "pediatrics", utabibu wa watoto, ni "pais" wa Kiyunani, yaani mtoto. Pili, maana huhama na mzizi hubaki. "Manufacture" ni kufanya kwa mkono, na leo ni kazi ya mitambo. Kandili na "candle" ni ndugu, na ndugu yao wa tatu ni "candidate", kwa sababu katika Rumi walioomba vyeo walivaa mavazi meupe yang'aayo. Lakini mtahiniwa wetu aliyevaa sare ya shule hana habari ya weupe huo, na mzizi peke yake hautamwambia yeye ni nani.

Namna ya tatu ni ya hatari. "Hyper" ni juu kupita kiasi, na "hypo" ni chini. Herufi mbili tu zimetenganisha mambo yaliyo kinyume. "Glykys" ni tamu na "haima" ni damu. Hivyo "hyperglycaemia" ni sukari iliyozidi katika damu, na "hypoglycaemia" ni sukari iliyopungua. Kijana tumfundishaye leo huenda kesho akawa mwuguzi. Akichanganya haya mawili, akampa mgonjwa aliyepungukiwa sukari dawa ya kuishusha, aweza kumwua. Wala hapa hatuhitaji orodha ndefu. Twahitaji jozi moja ifundishwe mpaka ikae. Waingereza hutamka "hypo" kama haipo, na mtoto wa Kiswahili ajua haipo ni nini: sukari ya kutosha haipo. Hiyo si asili ya neno, wala mwalimu asiifundishe kama asili. Ni kikumbusho, lakini kikumbusho kinachookoa uhai si cha kudharauliwa.

Kwa sababu hizo twashika neno hili: mzizi ni shahidi, si hakimu. Waweza kutoa dalili, lakini sentensi ndiyo ihukumuyo. Mwanafunzi akutanapo na neno jipya na alikate, akisie, kisha arudi kwenye sentensi aulize kama kisio lake lakubalika. Na lisipokubalika, afungue kamusi. Njia ya orodha humfundisha hatua ya kwanza peke yake, ikamwacha njiani.

Twajua wako watakaosema: ya nini taabu hii yote? Masomo na yafundishwe kwa Kiswahili, na Wayunani wapumzike. Shauri la lugha ya kufundishia ni kubwa kupita makala haya, nasi hatulikatai. Tangu Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, kazi ya kutafuta maneno ya elimu haikukoma. Na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Lakini kazi hiyo hiyo yatutilia nguvu hoja yetu. Neno usanisinuru ni usanisi pamoja na nuru. "Photosynthesis" ni "photos", wa nuru, na "synthesis", kuweka pamoja. Kwa mara nyingine vipande ni vile vile, ila sisi twatanguliza tendo na Myunani atanguliza nuru. Mwanafunzi aliyefika na usanisinuru kutoka shule ya msingi ana ufunguo mfukoni; tatizo ni kwamba mwalimu wa kidato cha kwanza mara nyingi hamwulizi kama anao. Neno la Kiswahili la elimu lisitupwe mlangoni mwa sekondari kama vazi lililochakaa. Ndilo daraja.

Basi twashauri hivi. Mizizi isifundishwe kabla ya sekondari. Ifundishwe michache, si zaidi ya miwili au mitatu kwa juma, na kila mmoja uingie pamoja na kitu kinachoonekana au neno la Kiswahili linalojulikana. Kila mzizi upewe jamaa zake wa kweli na angalau mdanganyifu mmoja. Na mtihani usiulize maana ya mzizi. Uulize maana ya neno ndani ya sentensi, kwa kuwa hilo ndilo atakalokutana nalo kitabuni.

Limebaki jambo moja ambalo hatuwezi kulitimiza peke yetu. Tumetumia Kiswahili kuwa daraja, lakini nyuma ya Kiswahili ziko lugha za nyumbani, nazo zina mizizi yao na namna zao za kufunika na kufunua. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri, aliandika juu ya sauti na maumbo ya Kirimi, yaani Kinyaturu, katika kitabu kilichotoka mwaka 1964. Lakini kitabu hicho ni cha wataalamu, hakikuandikwa kwa ajili ya darasa. Twawaomba waalimu na wachungaji wa Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni wakusanye maneno ya namna hiyo katika lugha za mahali pao, mzizi pamoja na watoto wake, wayalete yapigwe chapa katika kurasa hizi. Kwa orodha hiyo, iliyoanza nyumbani, tutaweza kumpeleka mtoto mpaka Uyunani na kumrudisha salama.